Mama, Mteremko na Umeme Unaorudi

Jumatatu, 3 Machi

Wa pili kutoka mkiani! Mimi! Mimi niliyejipa jina la Radi, na ambaye sijawahi kupitwa na pikipiki yoyote ya umeme mji huu, isipokuwa ile ya askari, na hata hiyo ilikuwa inanifuata mimi.

Ubao umebandikwa leo kituoni tunapobadilishia betri. Tangu kampuni yetu ya kusafirisha mizigo ifunge vile vidude chini ya siti zetu, hakuna siri tena. Kila safari inaandikwa. Umepita wapi, umekula umeme kiasi gani kwa kila kilomita, na kiasi gani kimerudi. Ndiyo, umeme hurudi! Ukiachia akseleta mteremkoni mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Sisi madereva tunaita marejesho. Marejesho yangu ni aibu tupu. Aliye nyuma yangu ni yule aliyeendesha wiki nzima breki imeng'ang'ania gurudumu, hana habari.

Kinara ni Konokono. Konokono! Mzee wa mvi, jirani yetu wa mtaa wa pili. Anaendesha polepole hadi mbwa wanaomkimbiza huchoka kumsubiri.

Sasa sikiliza, shajara. Mwisho wa wiki ijayo kinara atapewa pikipiki mpya. Nimeiona pichani. Siti pana, laini, na nyuma ina mgongo wa kuegemea. Nilipoiona ile siti nilikaa chini.

Ni kwa ajili ya Mama. Tangu ateleze bafuni na kuvunjika nyonga, kila asubuhi nampeleka bondeni kwenye mazoezi ya viungo, halafu namrudisha mlimani. Bosi anajua, karuhusu. Lakini siti yangu ni kama ubao wa kukatia nyama. Mama akishuka hukunja uso, kisha husema hajaumia, ni jua tu. Hata siku za mawingu.

Ile siti ni ya Mama. Haina mjadala.

Nimefanya uchambuzi. Nini kinakula umeme wangu? Mwendo kasi? Hapana, ule ni kipaji. Kona? Hapana. Ni uzito! Na uzito ni nani? Mama! Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ili nimpatie Mama siti, lazima kwanza nimtoe Mama kwenye siti.

Jumanne, 4 Machi

Nimemgawa mama yangu kwa Konokono. Nikisoma sentensi hii inasikika vibaya, lakini ni mbinu ya hali ya juu. Uzito unanitoka mimi, unamwangukia yeye! Yeye anashuka ubaoni, mimi napanda. Akili ni nywele, na mimi sijawahi kunyoa.

Nilimwambia Konokono kwamba nimepangiwa mizigo ya asubuhi, je, anaweza kunisaidia kumpeleka Mama siku chache? Hakuuliza lolote. Alivua kofia, akasema ni heshima kwake. Akatoa leso yake mwenyewe na kuipangusa siti. Anajipendekeza tu.

Mama nilimwambia ni kwa muda. Alinitazama, akaitazama pikipiki ya Konokono, akasema sawa, baba. Akajifunga mtandio wake wa zambarau, akapanda. Hakugeuka nyuma.

Siku zote, kabla hatujafika getini, Mama anakuwa ameshaanza. Jirani wa kushoto kanunua kochi, sijui kapata wapi hela. Dada yako kapiga simu, sauti yake siipendi, mpigie. Nyonga leo imeamka vizuri, au imeamka na kisirani. Anaongea hadi bondeni, na kila nikitaka kuchanganya mwendo ananigonga bega kwa kidole.

Leo nyuma yangu kimya. Kimya kizuri kabisa! Niliwapita watu wote. Nilifika kituoni mapema mno, nikasimama mlangoni sina pa kwenda.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa leo ulikuwa wa kitaalamu. Sisi tunakaa juu mlimani, na kuna kituo kidogo cha betri pale juu. Nikachukua betri iliyojaa pomoni. Hesabu yangu: nashuka na betri iliyojaa, njiani naongezewa marejesho, nafika bondeni imezidi kujaa. Nitaulizwa nimeitoa wapi.

Nilifika bondeni nikatazama. Marejesho: sifuri! Mlima mzima!

Nikaenda kulalamika kwa Dada Grafu. Huyu ndiye mchambuzi anayesoma safari zetu kwenye kompyuta, ndiyo maana tukampa jina hilo. Anaongea kwa upole kama nesi kabla ya sindano. Akaniambia kwamba betri iliyojaa ni mtu aliyeshiba. Umsogezee sahani nyingine, atakataa. Hakuna pa kuuweka ule umeme, kwa hiyo mlima mzima nimeshuka kwa breki za kawaida, na nguvu yote imeishia kuwa joto la bure. Anayeanzia juu, akasema, achukue betri yenye nafasi.

Nikamwambia nilijua, nilikuwa nampima. Akasema sawa, kaka, akanipa biskuti. Nikaipokea. Biskuti haina kosa.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimebuni kitu ambacho binadamu hajawahi kukifikiria. Kupanda mlima kunakula umeme. Kushuka kunaleta umeme. Basi kwa nini nipande?

Shemeji yangu ana lori la matofali, hupanda mlima na kushuka siku nzima. Nikambembeleza. Akakubali, maana dada yangu alikuwa anasikiliza. Tukaipakia pikipiki juu ya matofali, lori likapanda, mimi nikashusha na kuteremka. Marejesho yakaingia! Tukapanda tena. Nikateremka tena. Betri ikaanza kujaa yenyewe kama kisima! Nilicheka peke yangu barabarani.

Safari ya mwisho nikiwa juu ya matofali, nani anapita? Konokono, kambeba Mama, wanarudi. Nikalala kifudifudi. Lakini niliona. Lile zee linapanda kwa mwendo mmoja, halitetereki. Na Mama kakaa wima, kama mtu aliyeitwa ofisini. Mikono yake imeshika keria nyuma. Mimi hunikumbatia kiunoni. Mdomo wake umefungwa. Mama yangu, mdomo umefungwa! Sijawahi kuona.

Nilijisikia vibaya kidogo. Nikajiambia ni vumbi la matofali.

Mchana Dada Grafu akaniita. Akaniuliza, bila kunitazama, kama pikipiki yangu siku hizi inaruka. Maana kumbukumbu zinaonyesha imepanda mlima mara kadhaa bila gurudumu kuzunguka hata kidogo. Nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Safari zote zimefutwa. Dada Grafu alitazama dirishani muda mrefu, mabega yake yakitikisika.

Jioni Mama akaniuliza mizigo ya asubuhi inaendaje. Nikasema vizuri. Akaniambia nijipanguse vumbi la tofali sikioni.

Ijumaa, 7 Machi

Breki! Nilikuwa nimelala, nikagutuka. Kama kupunguza mwendo kunaleta umeme, basi atakayefunga breki mara nyingi zaidi atakuwa tajiri! Naenda kasi, nafunga. Naenda kasi, nafunga. Kila breki, kijiko cha umeme.

Mzigo wa kwanza ulikuwa boksi la vifungo la fundi cherehani. Kwenye breki ya kwanza boksi lilisogea. Kwenye ya pili likapasuka. Vifungo vya kila rangi vikatapakaa barabara nzima, na mimi nikapiga magoti katikati ya magari nikiokota. Mama mmoja muuza ndizi akanisaidia. Aliuliza kama najiandaa kuoa. Fundi cherehani alinipa za uso mpaka nikatamani angekuwa ananipiga.

Na pedi za breki zimekwisha, zinanuka kama chungu kilichosahauliwa jikoni.

Dada Grafu (ndiyo, tena) akaeleza kwamba ukifunga breki ghafla ni zile pedi zinazofanya kazi, na kazi yao ni kutengeneza joto. Mota inataka muda. Uone mbali, uachie akseleta mapema, uiache pikipiki isimame kwa hiari yake. Halafu ile kuchomoka kwa kasi baada ya kila breki inakula zaidi ya chochote kinachorudi. Nikamuuliza kama hakuna njia ya mkato. Akasema anasikitika.

Ubao: nimekuwa wa mwisho. Yule mwenye breki iliyong'ang'ania kanipita, katengeneza breki.

Konokono bado kinara. Uzito wa Mama haujamshusha! Sielewi. Kesho na keshokutwa kituo cha mazoezi kimefungwa, na mimi nimechoka, sitaandika.

Jumatatu, 10 Machi

Konokono kaja kituoni kunitafuta. Kofia mkononi. Akasema hataki kuingilia ya nyumbani, lakini asubuhi Mama kamrudisha kutoka getini. Kamwambia asante, asije tena, mguu umepona.

Mguu haujapona! Hata kidogo!

Niliacha mzigo mezani nikapanda mlima. Nimemkuta anakwenda jikoni anajishikilia ukutani, mkono baada ya mkono. Mkongojo kauacha kitandani. Aliponiona akasema nimekuja mapema, na chai haijaiva, kama vile hakuna lililotokea.

Nikamuuliza kwa nini hakwenda. Nikamwambia mtaalamu wa mazoezi alisema akiacha mazoezi sasa nyonga itakaza, na huo ukuta ndio utakuwa mkongojo wake wa maisha. Nikamuuliza, je, Konokono kamkosea adabu? Akasema hapana, yule mzee ni mtu wa watu, anaendesha kama anabeba maji ya kujaa. Basi tatizo nini?

Akakaa. Akajifunga upya mtandio, ambao haukuwa umefunguka.

Akasema, "Humu ndani unakula, unashika simu, unalala. Mimi mwanangu nampata pale nyuma ya pikipiki tu. Kwenye mazoezi naumia sana, baba. Nilikuwa navumilia kwa sababu ya njia."

Nikaenda kumwaga maji ya chai, halafu nikakumbuka ndiyo kwanza yalikuwa yanachemka, nikateleka mengine.

Nikamweleza yote. Ubao, siti yenye mgongo, uzito. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama kweli nilimtoa kwenye siti ili nimpatie siti. Nikasema ndiyo. Akasema nimemrithi marehemu baba yangu, aliyewahi kubomoa ukuta wa nyumba ili apate nafasi ya kuingiza mlango mpya, mlango wenyewe ukawa mfupi.

Nampenda sana Mama. Naandika hapa kwa sababu huko nje siwezi kusema.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi nimempeleka mwenyewe. Alianza kuongea kabla sijawasha pikipiki. Lile kochi la jirani kumbe ni la mkopo, limesharudishwa. Mikono kiunoni kwangu. Nilishuka ule mlima taratibu, maana kila jiwe nalijua na kila jiwe linamuuma yeye. Naachia akseleta mbali kabla ya kona, naiacha pikipiki ilegee yenyewe. Shimo nalikwepa kabla sijaliona. Siendeshi hivi nikiwa peke yangu, nitaonekana mgonjwa.

Mtaalamu wa mazoezi alimwonya, akamkanda, akamsimamisha. Nilisikia Mama akiguna ndani. Alipotoka alikuwa anatokwa jasho, na mkongojo kaushika mkononi tu, kama mwavuli. Alitembea vile kutoka mlangoni hadi kwenye pikipiki. Nilitaka kupiga kelele. Nikajifanya natazama tairi.

Baadaye Dada Grafu kaniita. Nikasema dada, leo sijafanya kitu. Akanikalisha mbele ya skrini. Akanionyesha mstari wa safari zangu. Meno ya msumeno! Juu, chini, juu, chini. Akasema huyu ni wewe. Kisha akanionyesha mwingine, umelala, umetulia, mzuri kuliko wa dereva yeyote wa kampuni, Konokono akiwemo. Akasema na huyu pia ni wewe, kila asubuhi, saa ileile, hadi Jumatatu ya wiki iliyopita. Wiki nzima haupo. Leo umerudi. Umeme kidogo, marejesho mengi.

Akauliza nilikuwa nabeba nini. Vioo?

Nikasema, "Nilikuwa nambeba mama yangu."

Dada Grafu akavua miwani, akaifuta. Akasema alikuwa ananisubiri niende kumuuliza kuhusu mstari huu, lakini kila siku naenda na jambo jipya. Kwamba ningeendesha siku nzima kama ninavyomwendesha Mama, ile pikipiki ingekuwa yangu bila mshindani. Kwamba uzito hauleti nafuu, uzito unaongeza ulaji wa umeme kidogo. Kinacholeta nafuu ni mkono. Alirudia mara mbili: ni mkono, kaka.

Nimeandika: ni mkono.

Halafu akanionyesha wa Konokono. Wiki aliyombeba Mama, mstari wake ulinyooka kuliko siku zote! Nilijipalia makaa mwenyewe. Nilimpa adui silaha, na silaha yenyewe nikaifunga mtandio wa zambarau.

Ijumaa, 14 Machi

Konokono kashinda. Ilijulikana. Nimefunga mdomo, nimepiga makofi na wengine. Nimepanda kutoka wa mwisho hadi katikati, kwa nguvu za safari za asubuhi tu. Mchana bado nilikuwa Radi. Mtu habadilishi damu.

Ile siti, ana kwa ana, ni nzuri kuliko pichani. Niliigusa walipokuwa wanapigana picha. Inabonyea, halafu inarudi. Akilini nilimwona Mama akiegemea pale, kafumba macho, anamsema jirani. Nikaenda kusimama nyuma ya ghala.

Konokono akanifuata. Nikajua anakuja kunicheka. Alikuwa na spana.

Akasema siti hizi na zetu zinaingiliana, ameshapima. Akasema yeye mzigo wake ni mabahasha, na bahasha hazina mgongo. Nikasema siwezi kupokea, nimemdanganya, mizigo ya asubuhi haikuwepo, nilimpa Mama ili uzito umshushe ubaoni. Nilisema yote, sijui nilipatwa na nini. Akacheka kimyakimya, mvi zikatikisika. Akasema alijua tangu siku ile aliponiona nimelala kifudifudi juu ya matofali, kwamba kijana huyu hana mizigo.

Kisha akasema, "Siku nyingi sijabeba mama wa mtu. Wangu alikwenda kabla sijawa na hata baiskeli. Funga siti, kijana wangu."

Tukafunga siti. Nati moja niliikaza vibaya, akaifungua akaikaza tena bila kusema.

Shajara, yule mzee ni mtu mwema. Au ni mjanja! Siti hii ni nzito kuliko ile ya zamani. Yaani kaniongezea uzito! Nikiwaza hivyo najiona mbaya. Nimewaza, lakini.

Jumamosi, 15 Machi

Mazoezi hakuna leo, lakini Mama ametaka tuzunguke tu. Tumezunguka. Aliegemea. Hakusema neno kwa mtaa mzima, nikaogopa, nikamuuliza kama anaumia. Akasema hapana, anasikiliza mgongo wake, umenyamaza. Halafu akaanza habari za kochi, nikatulia.

Jumatatu, 17 Machi

Usingizi ulinikataa jana, na kumbe ulikuwa na sababu. Nimegundua!

Tafakari. Nikiwa na Mama, mstari wangu ni bora kuliko wote. Konokono akiwa na Mama, mstari wake umenyooka. Tusipokuwa naye, shida. Jambo gani moja linatuunganisha mimi na Konokono? Si mkono, yeye ana wake na mimi nina wangu. Ni uzito! Uzito wa Mama, kilo kwa kilo! Dada Grafu ni msomi, lakini hajawahi kuendesha pikipiki.

Asubuhi kwenye mazoezi nikamwomba mtaalamu ampime Mama uzito. Akanisifu kwamba nafuatilia afya yake. Nikamfikisha Mama nyumbani, nikaenda kwa muuza mchanga, nikapimiwa gunia la kilo zilezile, sikukubali hata konzi izidi. Nikalipandisha kwenye siti mpya, nikaliegemeza, nikalifunga kamba kiunoni.

Nikapita nyumbani kuchukua koti la mvua. Mama alikuwa kibarazani, kasimama, mkongojo uko ukutani. Akauliza yule nyuma ni nani. Nikamweleza uvumbuzi wote. Alinitazama muda mrefu, akalitazama gunia. Nilidhani atanigombeza. Akashuka ngazi, taratibu, moja moja, bila kushika kitu! Akavua mtandio wake wa zambarau, akalifunga gunia kichwani, akakaza fundo.

Akasema, "Usimtikise. Mfikishe salama."

Nikaondoka. Siwezi kueleza. Kila nikitaka kuchanganya mwendo naona zambarau kwenye kioo, mkono unalegea wenyewe. Kona naiachia mbali. Mashimo nakwepa. Kuna dereva kanipita ananicheka, nikamwacha. Kuna mahali nimejikuta nalisimulia gunia habari za jirani. Siku nzima hivyo. Mizigo yote ilifika mizima, hata mabahasha ya Konokono nilimsaidia machache.

Jioni, ubao. Wa kwanza! Mimi! Marejesho ambayo Dada Grafu anasema hajapata kuyaona. Alitoka nje kuiona pikipiki, akaliona gunia na mtandio wake, akacheka mpaka akakaa chini, akafuta machozi, akauliza kama mama yangu anapokea wageni. Nikasema anapokea, ila aje amejiandaa kusikiliza.

Nilisema mimi! Ni uzito! Wanasomea miaka yote na hawajui.

Kesho naongeza gunia la pili. Nimemwomba Mama mtandio mwingine, kasema atautafuta.